Upinde Usio na Alama

Sogeeni karibu. Aliyeshiba akae nyuma, mwenye njaa aje mbele, maana kisa hiki ni cha wenye njaa na wao ndio watakaokielewa upesi. Nawaonya mapema: hakuna mfalme humu, na hakuna anayeoa mwishoni. Mna kipande cha mti, kibuyu cha mafuta, ng'ombe mmoja, na watu waliokuwa wema kabisa mpaka siku walipoulizwa swali jepesi.

Kijiji chao kilikuwa nyikani, mahali ambapo hata mbuzi hutafuna kwa kufikiri. Humo mlikuwa na wanne wenye vipaji: wa kwanza aliitwa Ngula, na kipaji chake kilikuwa kujua miti. Alipita porini akigonga magome kwa kifundo cha kidole, akakwambia huu umeliwa na mchwa ndani, huu utapinda vizuri, huu utakuvunjikia usoni. Wa pili, Nzuki, alijua kuchonga. Macho yake hayakuwa mazuri sana, lakini kidole gumba chake kilihisi uvimbe kwenye mti ambao wewe na mimi tusingeuona hata tukimulikiwa.

Wa tatu alikuwa mjane, Syokau, naye alijua kusokota ugwe, ile kamba ya upinde. Kwa desturi ya kwao hiyo si kazi ya mwanamke. Lakini marehemu mumewe, aliyesifiwa nyika nzima kwa ugwe usiokatika, alikuwa na mikono ya kutetemeka tangu ujana wake. Watu wazima walielewa, wakanyamaza, wakaendelea kumsifu mume.

Wa nne alikuwa kijana Muthui, mtoto pekee wa bibi Kalunde, na yeye alijua kulenga. Hakuwa na maneno mengi. Ukimpa chakula anakula, ukimpa kazi anafanya, ukimtania anatabasamu. Watu wa namna hiyo hupendwa sana na majirani, na mtaona wenyewe faida ya kupendwa huko.

Ipo desturi nyingine ya nyikani, na bila kuijua hamtaelewa ugomvi. Mtu huchonga upinde wake mwenyewe, tangu mti hadi ugwe. Akimaliza hukata alama yake kwa ncha ya kisu karibu na mahali pa kushikia: wengine mikato mitatu, wengine duara, wengine mguu wa kuku. Siku mnyama akiuawa, au mtu akiuawa, watu hutazama alama na mjadala unafungwa. Kwa hiyo upinde una mwenyewe mmoja, na haijapata kuwa vingine.

Sasa mvua ikakosa misimu mitatu. Mto ukawa mchanga, mchanga ukachimbwa mpaka wachimbaji wakakutana na mwamba. Maji yaliyobaki yalikuwa chemchemi moja tu, mwendo wa siku nzima, mlimani, ndani ya ua wa miiba wa watu wa huko. Watu wa mlimani walikuwa wakulima, hodari kwa jembe, lakini upinde kwao ni kitu cha kufukuzia ndege shambani. Na kwa bahati yao mbaya, nyati dume mzee aliyefukuzwa na wenzake akaiona chemchemi ile. Akabomoa ua. Akaua mwanamke aliyekuja na mtungi wake, kisha wanaume wawili waliokwenda kumchukua yule mwanamke.

Ndipo akatumwa mtu nyikani. Jina lake Mbuvi, mlinzi wa lango la chemchemi, mtu wa makamo asiyecheka. Akasema watu wake wanataka upinde wa kumuua yule nyati, na kisha wanataka upinde huo ubaki kwao na mwenyewe akae nao, maana nyati hawajaisha duniani. Mwenye upinde ataingia ndani ya ua na nyumba yake yote, mke na watoto, na watakunywa kama wenyeji. Ngula akauliza, na wengine je? Mbuvi akajibu kuwa chemchemi ile inadondoka, haitiririki; wamepima, wakaona inaweza kubeba nyumba moja zaidi. Na maji hayatoki nje ya ua, hata ya kumpelekea mgonjwa.

Upinde wa kumuua nyati si hizi pinde za kuwindia paa. Wanyika walijua kwamba peke yake hakuna aliyeweza kuutengeneza kabla watu hawajafa, basi wakakubaliana kuutengeneza pamoja. Nadhani siku ile walijisikia vizuri sana.

Ngula alitoa mti. Mti mbichi ukiuchonga leo, kesho unajikunja na keshokutwa unapasuka. Lazima ukauke polepole, kivulini, kwa miaka. Ngula alikuwa nao mmoja. Siku mwanawe wa kwanza alipozaliwa alikwenda akakata mti wa mkole ulionyooka, akaumenya gome, akazipaka ncha zake mavi ya ng'ombe usipasuke, akaulaza darini juu ya moshi wa mafiga. Kila mwezi aliugeuza. Miaka kumi na mmoja aliugeuza. Ulikuwa uwe upinde wa mtoto yule atakapokuwa mwanamume, lakini kiu na kuhara vilimchukua mwezi mmoja kabla Mbuvi hajaja. Baba alipoushusha ule mti, mkewe aliinuka. Alitoka nje, akakaa kwenye jua mpaka lilipotua.

Nzuki alichonga. Alianza na tezo, akaja kwenye kisu, akamalizia na ukingo wa jiwe, siku kumi na mbili. Mti ulikuwa na kifundo karibu na katikati. Ukikikata, upinde utavunjika hapo hapo. Ukikiacha, utajipinda upande. Alikizunguka kidogo kidogo kama mtu anayemla samaki mwenye miiba. Kisha mti mkavu namna ile haukubali kupinda mpaka unyweshwe mafuta juu ya makaa huku ukikandamizwa kwa goti. Kijiji kizima kilikuwa na kibuyu kimoja cha mafuta ya kondoo, nacho kilikuwa cha nyumba ya Nzuki. Mkewe alikuwa akiwalambisha watoto wao wanne, kidole kimoja asubuhi, kidole kimoja jioni. Upinde ulikunywa kibuyu chote. Yule mtoto wa mwisho alifuata harufu mpaka uani, wakamkuta ameukumbatia upinde anaulamba.

Syokau alisokota ugwe. Kano za mbuzi ni fupi na zingekatika kwa mvuto wa kwanza; ilitakiwa kano ya mgongo wa ng'ombe. Ng'ombe nyikani wote walikuwa wamekufa, na kano ya mzoga ulioanguka juani haifai kitu. Aliye hai alikuwa mmoja, jike, wa Syokau. Kila siku alitoa kikombe kimoja cha maziwa, na kwa kikombe hicho binti zake wawili walikuwa bado wanasimama. Syokau alimshika pembe mwenyewe wakati anachinjwa. Nyama ililiwa na kijiji kizima kwa siku mbili, kila mtu akamshukuru, wengine wakirudi kumshukuru mara ya pili. Yeye alichukua kano. Akaichana kwa kucha nyuzi nyuzi, akazitafuna nyuzi zile moja moja zilainike mpaka fizi zikatoka damu, akazisokota juu ya paja lake mpaka ngozi ikachubuka. Ugwe ulipovikwa kwenye upinde, Nzuki aliudonoa kwa ukucha, ukalia.

Basi, na hapo ndipo walipofanya kosa lao. Upinde umekwisha, kisu kipo, kinachobaki ni alama. Nzuki akamnyooshea Ngula kisu, akasema mti ni wako, bwana, kata yako. Ngula akasema yeye ameleta kuni tu, aliyefanya kazi ni Nzuki. Wakamgeukia Syokau. Syokau akaona haya, akasema tangu lini mwanamke akawa na alama kwenye upinde, wakate wao wanaume. Wanaume wakasema hapana, kwanza wewe. Kisu kilizunguka mara tatu kama bakuli la wageni, kila mtu akisema nimeshiba. Mwishowe wakacheka, wakakirudisha alani. Adabu ni kitu kizuri sana wakati haigharimu kitu, na siku ile nyati alikuwa bado hai na maji yalikuwa mbali.

Aliyeuvuta ni Muthui. Ngula alijaribu, ugwe ukafika kifuani. Nzuki alijaribu, ukafika nusu ya mkono. Muthui aliuvuta mpaka sikioni, akaurudisha taratibu. Mishale ilikuwa yake, sumu aliichemsha mwenyewe siku tatu, mbali na vijiko vya watu. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kwenda, na mama yake Kalunde alipouliza, aliambiwa kwamba mwanawe atarudi na sifa.

Muthui alikwenda, akalala kwenye miamba juu ya chemchemi siku mbili, upepo ukimjia usoni. Siku ya tatu alfajiri nyati alikuja kunywa. Mshale ulizama nyuma ya bega mpaka manyoya. Mwenye kujua sumu anajua kwamba haiui papo hapo. Inahitaji muda wa kuchemsha uji. Nyati hakungoja uji uive. Alipanda ile miamba ambayo kila mtu alisema nyati hawezi kuipanda. Watu wa mlimani waliotazama kutoka juu ya miti walisema kijana hakukimbia. Labda hakuwa na pa kukimbilia. Walikutwa wamelala hatua sita kati yao, nyati na Muthui, na upinde mkononi mwa Muthui ukiwa mzima.

Mbuvi akatuma habari nyikani: nyati amekufa, mwenye upinde aje. Wakaja wote, na nyumba zao zote, na mizigo yao yote. Zingatieni hilo. Watu watatu waliorudisha kisu alani kwa kicheko, kila mmoja alikuwa amefunga mikeka yake.

Walimkuta Muthui amelazwa nje ya ua, kando ya lango, na upinde juu ya kifua chake. Mbuvi akauinua, akaugeuza, akatafuta alama. Akaugeuza tena. Akauliza ni wa nani.

Ngula akasema ni wake. Nzuki akasema ni wake kabla Ngula hajafunga mdomo. Syokau alisogea tu, akasimama karibu zaidi na lango, binti zake wamemshika kanga.

Mbuvi akawaambia hakutumwa kuamua mambo yao. Habari za kufa kwa nyati zimefika vijiji vingine, na watu wako njiani na mitungi yao. Jua likifika utosini lango litafungwa kwa wote. Kabla ya hapo ataingiza nyumba moja, yule atakayempa upinde huu mzima mkononi. Akaurudisha juu ya kifua cha Muthui, akaenda kukaa langoni.

Basi wakaanza, na walianza kwa heshima. Ngula akasema upinde ni mti. Bila ule mkole wenzake wangechonga upepo, na miaka kumi na mmoja hainunuliwi. Nzuki akasema mti usiochongwa ni kuni, na kuni zile zingekuwa darini hadi leo. Aliyeufanya uwe upinde ni yeye, na watoto wake ndio waliotoa mafuta midomoni mwao. Syokau akasema upinde usio na ugwe ni fimbo, na nyati hauawi kwa fimbo. Akaongeza kwamba ng'ombe wake walimla wao, na bado wana nguvu ya kubishana kwa sababu ya nyama ile.

Kila mmoja alisema kweli. Ndio maana hawakuweza kunyamaza.

Wakahesabu watu. Nzuki akasema ana watoto wanne, haki iende penye midomo mingi. Syokau akasema kwamba midomo mingi ina baba wa kuitafutia, ila hawa wake wawili hawana. Ngula akamwambia kuwa binti wataolewa na kwenda kwingine, maji yatakuwa yamemwagwa kwa watu wengine. Yeye ana mke, na tumboni mwa mke mna mtoto wa miezi mitano. Hapo ndipo Nzuki alipopoteza utu. Mtu huyu, ambaye gumba lake lilikuwa na huruma kwa kifundo cha mti, alimtazama mwenzake machoni.

"Wako aliyekuwa hai ameshakufa, Ngula," akasema. "Wangu wanapumua. Nimzike wangu mmoja ndipo tulingane?"

Mke wa Ngula alisikia. Aliketi chini pale pale alipokuwa, juu ya mzigo wake. Ngula hakumpiga Nzuki, lakini toka hapo hawakusemeshana tena.

Mtu akatoa shauri wapige kura kwa vijiti. Ikawa ni nani ashike vijiti. Syokau hakumwamini Nzuki, Nzuki hakumwamini Ngula, na watu wa mlimani walisema wao hawashiki vijiti vya wageni. Vijiti vikatupwa. Jua nalo halikuwa na habari nao, lilipanda tu.

Wakati huo ndipo bibi Kalunde alipowasili. Miguu yake ilikuwa mibovu, na wale wenye haraka ya kufika langoni walikuwa wamemwacha nyuma tangu usiku, kila nyumba ikidhani nyumba nyingine imemshika mkono. Alikuja na fimbo yake mpaka alipolala mwanawe. Akamfuta vumbi usoni kwa ncha ya kanga. Akawafukuza nzi. Kisha akauchukua upinde, na hakuna aliyethubutu kumzuia.

Sasa desturi ya mwisho, nayo ni ya zamani kuliko ya alama. Mwindaji akifa na upinde mkononi, upinde ule ni wake, hata kama aliazimwa. Huvunjwa vipande viwili na kulazwa naye kaburini. Asiyefanyiwa hivyo amezikwa kama mbwa, na nyikani hakuna neno baya kuliko hilo.

Syokau alipiga magoti mbele yake. Alimwambia mama, mwanao amekwisha kwenda, na yeye mwenyewe alikuwa mpole, angetaka watoto wanywe. Chukua wewe upinde basi, ingia wewe, maana mishale na roho vilikuwa vya Muthui. Lakini usiuvunje, kwa sababu ukivunjika haingii hata mmoja wetu.

Kalunde alimsikiliza mpaka mwisho.

"Niingie nikanywe na nani, mwanangu?" akasema. "Mlimwita alipotakiwa mtu wa kufa. Hamkubishana siku ile ni zamu ya nani. Mimi sitaki maji yenu. Nataka mtoto wangu azikwe kama mtu."

Akauweka upinde juu ya goti lake, mikono huku na huku. Alikuwa mzee, na upinde ule ulikuwa mgumu. Pengine asingeweza kuuvunja bila mtu wa kumsaidia. Alikaa hivyo, akawatazama mmoja baada ya mwingine aone ni nani atakayekuja kumsaidia, na ni nani atakayekuja kumnyang'anya. Langoni Mbuvi alisimama, akashika komeo.

Hapo ndipo ninapoishia mimi, na msinikasirikie. Nimekisimulia kisa hiki sehemu nyingi. Wenye watoto wengi humpa Nzuki. Waliofiwa humpa Ngula. Wanawake humpa Syokau, na baadhi ya waume zao pia, ila kwa sauti ya chini. Wazee husema uvunjwe, desturi ni desturi, lakini wazee hao walikuwa wamekunywa maji kabla hawajaja kunisikiliza. Nimeona ndugu wawili wakiondoka hawajaagana kwa sababu ya upinde ambao hawajapata kuushika. Na katika wote waliobishana mbele yangu, hata mmoja hajaniuliza kama Muthui alipata mtu wa kumfunika hata kwa tawi.

Haya, upinde ni mmoja, nyumba ni moja, na jua limekaribia utosini. Wewe uliyekaa kimya hapo tangu mwanzo, mama yule anakutazama: ungeamua vipi?